Laura Palmer: msiba uliokosa matanga

Katika tamthiliya nyingi za upelelezi maiti huonekana kwa dakika moja tu, ikafunikwa shuka, ikasahaulika. Kazi yake imekwisha, wapelelezi wamepata pa kuanzia. Twin Peaks haikufanya hivyo. Sehemu yake ya kwanza, iliyorushwa na kituo cha ABC cha Marekani usiku wa tarehe 8 Aprili 1990, inachukua zaidi ya saa moja na nusu, na muda mwingi kati ya huo tunawatazama watu wakipokea habari ya kifo.

Mzee Pete Martell anatoka asubuhi kwenda kuvua samaki. Kando ya maji, karibu na gogo kubwa, anaona kitu kimezongwa kwenye nailoni. Polisi wanafika, nailoni inafunuliwa usoni, na wote wanamtambua: ni Laura Palmer, mwanafunzi wa sekondari, binti wa wakili wa mji, msichana aliyependwa na kila mtu. Askari Andy, aliyepewa kazi ya kupiga picha, anashindwa kwa kwikwi. Wakati huo mama yake Laura, Sarah, hajui lolote. Amemwita mwanawe ashuke, kimya. Amepanda ngazi, chumbani hamna mtu. Anaanza kupiga simu huku na huko mpaka anampata mumewe, Leland, kwenye hoteli anakoshughulikia mambo ya biashara. Wakiwa bado wanasemezana, mkuu wa polisi anaingia hotelini, na Leland anaelewa kabla ya kuelezwa. Simu inamponyoka. Kamera inaufuata waya wake taratibu, inashuka nao, na kutoka kwenye ile simu inayoning'inia tunasikia yowe la mama aliye peke yake nyumbani.

Kisha shuleni. Mwalimu anaita majina. Nje ya dirisha msichana anakatiza uwanja mbio huku akipiga kelele, na hakuna anayeeleza kwa nini. Donna, rafiki kipenzi wa Laura, anageuka kukitazama kiti kilicho kitupu. Hajaambiwa neno, lakini machozi yameshamtoka. Mkuu wa shule anapotangaza kwa kipaza sauti, naye anashindwa kumaliza.

Nimeipenda tamthiliya hii kwa miaka mingi, nimeirudia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kuoneshwa kwenye skrini, na watu wakiniuliza kwa nini huwa nawapeleka kwenye yowe lile la simu. Wengine watakusimulia Chumba Chekundu chenye mapazia, bundi, kahawa nyeusi na pai ya cheri. Hayo yote nayapenda. Lakini kilichonikamata ni kwamba hapa palikuwa na marehemu mwenye wazazi, mwenye kiti darasani, mwenye watu waliomlilia. Nitalitaja jina la muuaji humu ndani, maana siwezi kueleza ninachotaka kueleza bila kulitaja. Anayetaka kuitazama bila kujua, aiweke makala hii pembeni kwanza.

Walioitunga ni wawili. David Lynch, mwongozaji wa sinema mzaliwa wa Missoula, Montana, alikuwa tayari ana jina kwa filamu za The Elephant Man na Blue Velvet. Mark Frost alikuwa mwandishi wa televisheni aliyefanya kazi kwenye Hill Street Blues. Walikutanishwa na mradi wa filamu juu ya Marilyn Monroe ambao haukufika popote. Frost amesimulia kwamba nyuma ya Laura yupo msichana wa kweli, Hazel Drew, aliyekutwa ameuawa ndani ya bwawa huko Sand Lake, jimbo la New York, mwaka 1908. Habari zake alizisikia utotoni kwa bibi yake. Muuaji wa Hazel hajapatikana hadi leo. Wawili hao wakauchora mji wao wa kubuni wenye kiwanda cha mbao, maporomoko ya maji na msitu mzito wa misonobari, wakaenda kuupigia picha katika miji midogo ya Snoqualmie na North Bend, jimbo la Washington. Maporomoko unayoyaona mwanzoni mwa kila sehemu ni ya Snoqualmie, yenye kimo cha mita 82 hivi, na yapo hadi leo.

Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu takribani milioni 34. Kwa majira yote ya kuchipua ya mwaka ule Wamarekani wakawa wanaulizana kazini na majumbani: nani alimuua Laura Palmer? Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa na yao ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Dar es Salaam tulisubiri mpaka mwaka 1994. Kwangu mimi Laura Palmer alifika ndani ya mikanda ya video ambayo binamu yangu aliirekodi Uingereza kutoka BBC2, picha ikicheza na sauti ikipanda na kushuka. Muziki ndio uliotangulia kuniingia.

Na muziki huo una kisa chake, ambacho mtunzi mwenyewe, Angelo Badalamenti, alikisimulia mbele ya kamera akiwa amekaa kwenye kinanda kilekile. Lynch alikaa kando yake, kabla hata picha moja haijapigwa, akaanza kumwelezea: tupo msituni usiku, upepo unavuma taratibu, mwezi umetoka. Badalamenti akagusa noti za chini, nzito, zinazokwenda kama mtu anayetembea gizani. Lynch akamwambia asibadilishe, ila apunguze kasi zaidi. Halafu akasema, sasa kutoka nyuma ya miti anatokea msichana, mpweke, ana huzuni, anakuja kwetu. Vidole vikaanza kupanda. Anakaribia, anakaribia zaidi, na muziki ukafika kileleni, kisha ukavunjika na kurudi msituni ulikotoka. Lynch akamkumbatia, akamwambia asiguse noti hata moja. Hicho ndicho kipande tunachokisikia kila Laura anapotajwa. Ukikisikiliza kwa makini, huzuni yake haiko kwenye giza la mwanzo. Iko pale muziki unapopanda, pale unapodhani msichana atafika.

Lynch alifanya kazi hivyo, kwa kupokea kinachomjia. Sheryl Lee, mwigizaji wa jukwaani wa Seattle, aliajiriwa awe maiti tu. Walipompiga picha za video akicheza mlimani na rafiki yake, waliona ana kitu, wakamtungia mhusika wa pili, Maddy, binamu wa marehemu anayefanana naye sura. Frank Silva hakuwa mwigizaji kabisa, alikuwa mpambaji wa seti. Siku moja alikuwa akisogeza samani katika chumba cha Laura, Lynch akamwona mle ndani na nywele zake ndefu za mvi, akamwomba achutame kwenye miguu ya kitanda na atazame kamera bila kusema neno. Baadaye wakapiga picha ya Sarah akishtuka kochini, na mpiga picha akalalamika kwamba imeharibika kwa sababu kuna mtu ameonekana kwenye kioo. Alikuwa Silva. Lynch akaikataa hiyo lawama, akaiacha picha kama ilivyo, na hapo akazaliwa Bob, kiumbe cha kutisha kuliko vyote nilivyowahi kuviona kwenye televisheni. Anatisha kwa sababu yumo chumbani tayari, katikati ya samani za watu.

Chumba Chekundu nacho kilizaliwa hivyohivyo. Mkataba uliwataka watengeneze mwisho wa kujitegemea, ili sehemu ya kwanza iweze kuuzwa Ulaya kama filamu endapo ABC wataikataa. Lynch aliegemea gari lililopashwa na jua, na chumba kile kikamjia kichwani. Yale maneno ya ajabu wanayozungumza mle yalipatikana kwa kuwafundisha waigizaji kutamka sentensi kinyumenyume, kuwarekodi, kisha kuigeuza kanda, hivyo maneno yakawa yamenyooka huku midomo na mienendo ikienda kombo. Baadaye wakakitumia kama ndoto ya Dale Cooper, mpelelezi wa FBI anayechezwa na Kyle MacLachlan. Cooper ni mtu mwema, na kwa wema wake tu angetosha kuwa sababu ya kuitazama tamthiliya hii. Anafika mjini na kinasa sauti mkononi, anaisifu kahawa, anaulizia jina la miti, anawaheshimu askari wa kijijini. Wapelelezi wa miaka iliyofuata wamejaa uchungu na ulevi. Cooper ana furaha, na furaha hiyo haimzuii kulitazama jambo la kutisha usoni.

Shangazi yangu wa Tanga, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kukaa nami nikiitazama ile sehemu ya kwanza. Kiingereza hakukijua, nikawa namtafsiria. Lilipofika lile yowe la simu akanishika mkono.

"Mwanangu, huyu mama hana jamaa? Mbona hana wa kumshika?"

Nikamwambia wapo, shangazi, watakuja. Tukaendelea kutazama. Daktari alikuwepo, na dawa ya kumtuliza. Donna alikwenda kukaa naye kidogo. Lakini wale wanawake wa kumzunguka, wa kulala naye chini, wa kupika na kumlazimisha anywe uji, hawakuonekana. Shangazi aliguna, hakusema tena. Swali lake limekaa nami kuliko lile walilokuwa wakiulizana Wamarekani, na kila ninaporudi Twin Peaks naitazama kwa swali hilo.

Maana ukiitazama hivyo unaona mji mzima umeshindwa kuzika. Siku ya mazishi Bobby, mpenzi wa Laura, anawapigia kelele waombolezaji wote: kila mmoja alijua kwamba Laura yuko taabuni, na hakuna aliyefanya kitu, kwa hiyo wao wote ndio waliomuua. Ugomvi unazuka. Leland anajirusha juu ya jeneza, mashine inayolishusha inaharibika, jeneza linapanda na kushuka naye akiwa juu yake huku mkewe akimpigia kelele. Baadaye mkahawani, mhudumu Shelly anawaigizia wazee tukio hilo, wanacheka. Nikikumbuka jinsi kwetu mtu anavyoshushwa sauti kwa ukali akicheka karibu na nyumba yenye msiba, sehemu hiyo hunichoma kila mara.

Na Bobby alisema kweli. Laura alikuwa akiwapelekea chakula wazee na wagonjwa majumbani, akimfundisha kijana mwenye ulemavu wa akili, akimfundisha Kiingereza mjane wa mwenye kiwanda. Wakati huohuo alikuwa akitumia kokeini na kuuza mwili. Daktari wake wa akili alikuwa na kipande cha siri yake kwenye kanda. Mpweke mmoja asiyetoka nje alikuwa na kipande kingine ndani ya shajara. Tajiri wa mji alikuwa na chake. Kila mtu alishika kipande, na hakuna aliyeviweka pamoja wakati msichana yu hai.

Lynch hakutaka swali la muuaji lijibiwe upesi, na ingekuwa shauri lake pengine lisingejibiwa kabisa. Wakubwa wa kituo walitaka jibu, na magazeti yalilitaka. Wakalitoa tarehe 10 Novemba 1990, katika msimu wa pili, kwa sehemu iliyoongozwa na Lynch mwenyewe. Siri ililindwa vikali: mauaji ya sehemu hiyo yalipigwa picha na waigizaji tofauti ili hata wafanyakazi wasijue ni nani halisi.

Sijui saa moja ya televisheni iliyofanya zaidi ya hiyo. Bibi wa Gogo, mama yule anayetembea na gogo mikononi na kutoa ujumbe wake, anamfuata Cooper kumwambia kwamba bundi wako kwenye ukumbi wa muziki. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa bundi maana yake nini. Wanakwenda, wanakaa, Julee Cruise anaimba jukwaani kwa ile sauti yake kama pumzi. Ghafla mwimbaji anatoweka, na mahali pake anasimama pandikizi la mtu ambaye Cooper peke yake anamwona, linamwambia kwamba jambo lile linatokea tena. Nyumbani kwa akina Palmer santuri imefika mwisho na sindano inakwaruza, inarudia, inakwaruza. Sarah amelala kama mfu baada ya kuleweshwa dawa na mumewe. Leland anajitazama kwenye kioo, na sura inayomtazama kutoka ndani ya kioo ni ya Bob. Kisha anamgeukia Maddy, binamu mwenye sura ya Laura, na anamuua, na kamera haituhurumii wala haiharakishi.

Lakini sehemu inayonishinda ni ile inayofuata. Tunarudi ukumbini. Mhudumu mzee wa hotelini anakwenda mezani kwa Cooper, anamwekea mkono, anamwambia pole sana. Bobby, kwenye kaunta, anaingiwa na huzuni asiyojua imetoka wapi. Donna anaangua kilio bila sababu. Hawajui kwamba wakati huohuo, upande mwingine wa mji, mtu ameuawa. Miili yao inajua. Baada ya wiki nyingi za kutafuta ushahidi, Lynch alilitoa jibu kwa namna ambayo halikumfurahisha mtu: aliligeuza kuwa msiba. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Twin Peaks iliuawa na kufichuliwa kwa siri. Usiku ule wa Novemba ndio kilele chake.

Kilichoiua, kwa maoni yangu, kilikuja wiki chache baadaye. Leland anakamatwa, na rumande Cooper anamhoji Bob akizungumza kwa kinywa cha Leland. Mtu wa kwetu ataitambua hali hiyo mara moja, pepo amepanda kichwani na anatoa sauti yake mwenyewe. Kisha Bob anamtoka. Leland anabaki ameelewa alichofanya, anasimulia jinsi alivyomkaribisha kiumbe huyo utotoni, na anakufa mikononi mwa Cooper, mvua ya mabomba ya kuzimia moto ikiwanyeshea, akielekezwa kwenye nuru ambako binti yake anamsubiri. Imeigizwa kwa ustadi mkubwa na Ray Wise. Hata hivyo naiona kuwa dhuluma. Imemfariji baba kabla mtu yeyote hajauliza binti aliishi vipi miaka yote hiyo chini ya paa moja naye. Baada ya hapo wanaume wanasimama msituni kujadiliana kama Bob alikuwa wa kweli au la, na Cooper anauliza kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba mtu anaweza kumfanyia hivyo mwanawe wa kumzaa. Swali zito kuliko yote, na tamthiliya ikaliacha hapo. Ikaingia kwenye mashindano ya urembo, mchezo wa chesi na vichekesho. Laura akasahaulika na watunzi wake. Watazamaji wakapungua, kituo kikaisimamisha, mashabiki wakaandika barua kwa maelfu kuirudisha, na ilipofika tarehe 10 Juni 1991 ikafungwa, Cooper mwema akiwa amenaswa Chumba Chekundu na Bob akiwa ametoka ndani ya mwili wake.

Lynch alirudi kumtafuta Laura. Filamu ya Fire Walk with Me, iliyooneshwa Cannes mwezi Mei 1992, ilipokelewa vibaya. Watu walitaka Cooper na pai. Walipewa siku saba za mwisho za msichana anayejua anayemwingilia usiku ni nani, na anajitahidi kutojua. Kuna mlo wa jioni mle ambao siwezi kuutazama nikiwa nimekaa na watu. Leland anamtaka binti yake akanawe, anaushika mkono wake, anauchunguza ukucha kwa ukucha, anasema ni mchafu. Sarah anamsihi mumewe amwache. Hakuna pepo anayeonekana, hakuna mwanga unaomulika. Pangaboi la juu ya ngazi tu, ambalo tangu sehemu ya kwanza lilikuwa likionekana na hatukujua kwa nini linatutia hofu. Likiwashwa, Sarah amekwisha kunyweshwa dawa, na baba anakwenda chumbani kwa Laura. Sheryl Lee, aliyeajiriwa kuwa maiti, anaigiza mle kwa kiwango ambacho tuzo za mwaka ule zilipaswa kukiona. Miaka imepita, na wengi walioiponda filamu hiyo wameigeukia. Mimi naihesabu kuwa moyo wa kazi yote.

Ndani ya Chumba Chekundu, Laura alikuwa amemwambia Cooper kwamba wataonana tena baada ya miaka 25. Tarehe 21 Mei 2017 ikarudi, safari hii kwenye kituo cha Showtime, sehemu 18, zote zimeandikwa na Lynch na Frost na kuongozwa na Lynch. Mengi yameandikwa juu ya sehemu ya 8, inayoingia ndani ya mlipuko wa bomu la kwanza la atomiki la Julai 1945 kule New Mexico. Inastahili sifa zote. Mimi nilikuwa namtafuta Sarah Palmer. Nilimkuta peke yake sebuleni, moshi wa sigara na chupa za pombe, televisheni kubwa ikionesha simba wakimrarua nyati gizani, naye akitazama. Robo karne nzima, na bado hana wa kumshika.

Kisha ikaja sehemu ya 6. Kwenye njia panda, gari la kijana mwovu linamgonga mtoto mdogo. Mama anamkumbatia barabarani, analia. Watu wamesimama pembeni, wameduwaa, hakuna anayesogea. Mzee Carl, anayechezwa na Harry Dean Stanton, ndiye pekee anayekatiza barabara. Anainama, anamwekea mama yule mkono begani, anamtazama machoni, anabaki pale. Hasemi kitu. Nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbuka shangazi, na nikatamani angekuwa hai nimwoneshe kwamba mtu mmoja ametokea.

Na katika sehemu ya 15 Bibi wa Gogo anampigia simu askari Hawk usiku kumuaga. Mwigizaji wake, Catherine Coulson, alikuwa mgonjwa kweli wakati wa kupiga picha hizo, na alifariki Septemba 2015, kabla sehemu hizo hazijaonekana. Anamwambia Hawk kwamba anakufa, kwamba kifo ni mabadiliko tu, si mwisho. Hawk anamtakia usiku mwema. Kisha anawakusanya wenzake chumba cha mkutano, Andy, Lucy, Bobby ambaye sasa ni askari, na mkuu wa polisi, anawaambia Margaret, yaani Bibi wa Gogo, amefariki. Wanakaa kimya, wengine machozi yakiwalenga. Ni dakika chache za televisheni, na ndiyo mara ya kwanza mji ule unakaa matanga kama inavyopaswa.

Mwisho wa yote Cooper anarudi usiku wa kifo cha Laura, anamshika mkono kumtoa msituni. Asubuhi mzee Pete anakwenda kuvua na hakuti kitu ufukweni. Ingeweza kuishia hapo. Lakini mkono unamponyoka. Anamfuata mpaka Odessa, Texas, anampata mwanamke mwenye sura ya Laura na jina lingine, anamwendesha usiku kucha hadi nyumba ya akina Palmer, anabisha hodi. Anafungua mtu mgeni kabisa. Cooper anauliza ni mwaka gani. Kutoka ndani inasikika kwa mbali sauti ya Sarah akimwita mwanawe kama alivyomwita asubuhi ile ya kwanza, mwanamke anapiga yowe, na taa zote za nyumba zinazimika. Wengi walikasirika. Mimi naona Lynch na Frost walikuwa waaminifu: mpelelezi aliyedhani anaweza kuufuta msiba alishindwa, na walikataa kutudanganya.

Lynch alifariki Januari 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 79. Badalamenti na Julee Cruise walitangulia mwaka 2022. Mashabiki walikwenda na maua na vikombe vya kahawa kwenye mkahawa wa Bob's Big Boy huko Burbank, alikozoea kukaa, wakasimama pale na kuzungumza na watu wasiowajua.

Kwa anayetaka kuanza: anza na sehemu ile ya kwanza ndefu, usiku, simu ikiwa mbali. Usikatishwe tamaa na katikati ya msimu wa pili. Pita nao polepole, kwa sababu sehemu yake ya mwisho inalipa. Filamu ya 1992 itazame baada ya msimu huo, kamwe si kabla, na usiitazame ukiwa peke yako. Zile sehemu 18 za mwaka 2017 zitazame moja kwa wiki, kama nyingi kati ya hizo zilivyorushwa.